"Perhaps" ya Anita

Marafiki, leo nimekataliwa, na hakuna mutu aliyesema hapana.

Munamujua Anita wa bureau yetu ya forodha pale mupakani, Grande Barrière, aliyerudi kutoka Uganda.
Mufanyabiashara akimuuliza kama mizigo yake itavuka leo, anamujibu labda kwa Kiingereza: "Perhaps."
Na mizigo inalala pale pale.

Bon. Leo nikamuuliza kama atakubali nimuoe.
Akaangalia ziwa.
Akatabasamu, muzuri kabisa.
"Perhaps."

Nyinyi mulisoma Kiingereza, niambieni kama iko "perhaps" ya ndiyo.

Mi nimefika nyumbani Mbugangari, mama anakaanga samaki wadogo, sambaza.
"Amejibu nini?"
"Perhaps, mama."
Mama hajui Kiingereza hata kidogo.
Akanijazia sahani.
"Kula, mwanangu. Baba yako nitamuambia mi mwenyewe."