Mkao wa Kumenya Viazi

Umuhire alikuwa mnene, naye alilijua hilo bila kuambiwa. Lakini watu wa Gisenyi na kunyamaza ni mbali mbali. Asubuhi akipita na baiskeli yake kando ya ziwa, hakosi mtu wa kumuuliza kama yale matairi yana bima. "Iko nayo," anajibu, "na we ukitaka, panda nyuma." Anakanyaga, huyo anaenda zake. Mwanamke anayeshinda ofisini mpakani akibishana na wafanyabiashara wa Goma juu ya mizigo yao, utamtisha na maneno ya kijiweni? Isitoshe, kwao unene haukuwa msiba. Shangazi zake wote walikuwa na miili, na walitembea kwa raha zao bila kumwomba mtu radhi.

Baiskeli aliipenda kwa moyo wote. Kwenye mlima wa kwenda Mudende alibaki nyuma, na hakuona haya, maana mlima haupandwi kwa ubishi. Ila wakifika tambarare, hakukuwa na msichana katika klabu yao ya baiskeli mwenye miguu kama yake. Ndiyo maana klabu iliposema inatafuta wanawake wanne wa kwenda mashindano ya timu, kwenye barabara ya tambarare tupu, Umuhire aliinua mkono kabla maneno hayajaisha. Watatu walishapatikana, Ingabire na wenzake wawili, wote wepesi. Nafasi ya nne aliitaka yeye, na aliitaka waziwazi.

Tatizo lilikuwa mwalimu wao, Nkusi. Huyu alikuwa mwanajeshi mstaafu, aliyerudi kutoka Tanzania na Kiswahili chake kilichonyooka, mtu mwema ila mwembamba kama fito. Kwa Nkusi mwendo kasi ulikuwa na mkao mmoja tu duniani: usukani chini kabisa, pua karibu na gurudumu. Baiskeli zote nne alizifunga hivyo, kwa vipimo vya mwili wake mwenyewe.

"Inama, Umuhire," alimwambia. "Ukiinuka, upepo unakuona kama ukuta."

"Nikiinama siwezi pumua, Afande. Magoti inagonga tumbo."

"Basi tumbo lipungue."

"Tumbo iko pahali pake. Ni usukani ndiyo iko pahali pabaya."

Nkusi akacheka, lakini usukani hakuugusa. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Umuhire akajaribu hivyo hivyo, akajikunja, mapaja yakamsukuma tumbo, tumbo likasukuma pumzi, na walipogeuka kurudi, kabla hawajafika hata kwenye hoteli ya kwanza, akawa ameinuka kutafuta hewa. Upepo wa ziwa ukampiga kifuani. Wenzake watatu wakaondoka, akabaki anawatazama migongo.

"Mwanzoni unakwenda vizuri, halafu unaachwa," Nkusi akamwambia walipoteremka. "Katika mbio hizi saa inasimama wa nne akifika. Ukiachwa wewe, tumeachwa wote. Jumamosi, baada ya kazi za umuganda mtaani, ndilo jaribio la mwisho. Ukiachwa tena nitamchukua Kirezi."

Kirezi alikuwa amejiunga juzi juzi, na unyoya ulikuwa mzito kuliko yeye. Umuhire akaigeuza baiskeli, akaelekea nyumbani. Aliumia, tena sana, kwa sababu miguu yake haikuwa na kosa lolote. Alifika nyumbani akiwa amefura, na hata mama yake, Nyirahabimana, alimpisha tu.

Jumatano mama yake alikuwa na shughuli. Binti wa ndugu yao alikuwa anafunga ndoa ya serikali siku ya pili yake, na kama ilivyo desturi, wanawake wa ukoo walijaa uani kumenya viazi. Magunia yalikuwa yameteremshwa kutoka Mudende, viti vifupi vimepangwa, visu vimenolewa. Ingabire naye alikuja kusaidia, akakaa, akapinda mgongo juu ya beseni kama ndoano. Gunia la kwanza halijaisha, akasimama ameshika kiuno, analalamika. Akanyoosha mgongo, akakaa tena. Akasimama tena.

Mashangazi hawakusimama. Waliinama juu ya mabeseni yao tangu asubuhi, wakiimba, wakisengenya, wakicheka mpaka machozi. Umuhire akaacha kisu kikining'inia mkononi, akawatazama kana kwamba hajawahi kuwaona. Mkubwa wao, Saidati, mshona vitenge, ndiye mwenye mwili kuwapita wote. Makalio ameyarudisha nyuma, mgongo umelala ila umenyooka, kwa sababu alikuwa ameinama kuanzia nyongani na si kiunoni. Tumbo limepewa nafasi yake. Viwiko amevileta pamoja, vimeegemea mapajani, na kichwa kimetulia katikati ya mabega. Mwili mkubwa vile, na ukimtazama kwa mbele ulikuwa umekuwa mdogo.

"Tantine," Umuhire akamuuliza shangazi yake, "hauchoki?"

"Nichoke na nini? Si niko nimekaa." Saidati akatupa kiazi kwenye beseni. "Tumbo ukiifinya, utaimba na nini?"

Umuhire akacheka peke yake, kicheko cha mtu aliyepata alichopoteza.

Kesho yake, harusi ilipotulia, alichukua spana mwenyewe. Usukani akaupandisha, pamoja na vile vyuma vya mbele vya kuegemeza mikono, lakini vyuma akavisogeza karibu karibu ili viwiko vikutane. Kiti akakisukuma mbele kidogo. Mikono ya pedali akaing'oa, akaweka mifupi aliyoitoa kwenye baiskeli kuukuu ya mtoto, ili goti lisipande hadi tumboni. Koti lake lililokuwa likipepea kama bendera akalitupa, na Saidati akamshonea fulana ya kumbana sawasawa, kwa vipimo vyake yeye. Akapanda, akaegemea viwiko, akaimba ubeti mzima. Pumzi ilikuwepo.

Jumamosi umuganda ulipokwisha, watu walikuwa bado barabarani na majembe yao. Nkusi akaitazama ile baiskeli, akatikisa kichwa.

"Umekuja na baiskeli ya sokoni."

"Tutaongea tukirudi, Afande."

Wakaondoka wanne, Nkusi nyuma yao kwa pikipiki. Kwenda kulikuwa rahisi, upepo ukiwasukuma. Walipogeuka ukawajia usoni, na hapo ndipo wiki iliyopita alipoachwa. Alikuwa wa mwisho kwenye mstari. Akaleta viwiko pamoja, akanyoosha mgongo, akaingiza kichwa katikati ya mabega. Pumzi ikaingia hadi chini, ikatoka, ikaingia. Wa mbele akaanza kulegea, na Umuhire akawapita mmoja mmoja, akashika mbele. Hakuinuka. Hata kidogo hakuinuka.

"Dada, usitoke hapo," Ingabire akasema nyuma yake, akihema. "Huku nyuma hakuna upepo."

Karibu na mwisho walisimama mashangazi, majembe mabegani, wamekuja kumwona mtoto wao. Saidati akainamisha kichwa, akaangalia vizuri.

"Muangalie huyu," akawaambia wenzake. "Anamenya viazi."

Wakacheka mpaka wapita njia wakageuka.

Nkusi alizima pikipiki, akaja taratibu, akaitazama saa yake mara mbili. Akauzunguka usukani, akaushika, akapima kwa kiganja umepanda kiasi gani.

"Nani amekufundisha?"

Umuhire akaelekeza kidevu kwa mashangazi. Nkusi akawageukia, akavua kofia.

"Sawa," akasema. "Wa nne ni wewe."

"Hapana, Afande. Wa kwanza. We mwenyewe umeona nani alibeba upepo."

Nkusi akakubali kwa kichwa, bila ubishi. Kisha akamtazama Ingabire, aliyekuwa ameketi ukingoni mwa barabara akijikanda kiuno.

"Na huyu tumkalishe vipi?"

Umuhire akafuta jasho kwa kitenge cha shangazi yake.

"Umulete nyumbani," akasema. "Viazi bado iko mingi."