Kilichomuua Kaka Yangu Elieza

Mwaka tuliopika makande bila mahindi, maharage matupu na ndizi mbichi, ndio mwaka Mwingereza alipoleta kodi ya kumpima kila mtu kwa mali yake. Kaka yangu Elieza alipata kibarua cha kuzunguka na karani wa kodi, kuhesabu mbuzi na mibuni ya watu. Akanunua viatu.

"Kaka, miguu hiyo sasa itaomba chai," nilimwambia tukishuka kwenda sokoni Lembeni. Alicheka mpaka akakohoa.

Sokoni tulimkuta baba mkwe wangu amepanda juu ya gunia la magadi, anahutubia. Mzee yule alijua kusema, mtu wa haki akubali.

"Anayemhesabia Mzungu mbuzi wa jirani yake ni kupe! Kupe tunamfanyaje?"

"Tunamponda!"

Watu wakacheka, wakarudi kwenye biashara zao. Mzee akashuka, akanunua tumbaku. Elieza akatazama viatu vyake. Yonazi, jirani yetu, hakucheka. Yeye na kaka waligombania zamu ya maji ya mfereji tangu hatujasikia habari ya kodi.

Tulipoanza kupanda kurudi Ugweno, Yonazi alitokea kwenye mikonge.

"Maji leo ni yangu, Elieza."

Jiwe moja.

Kaka alikaa chini kama mtu aliyechoka. Hakuinuka.

Wakaniita bomani Same. Bwana mkubwa akasema, mkalimani akageuza: "Mama, sema maneno ya mzee ndiyo yaliyomuua kaka yako."

"Na Yonazi je? Nilimwona kwa macho yangu."

"Huyo alichochewa tu. Tunamtaka mkubwa."

Alichochewa! Kama ng'ombe, kama moto wa kuni! Nikasema: "Na mimi niliyasikia maneno yale, na sikuokota jiwe. Sisemi."

Walimchukua mzee hata hivyo. Kabla hajapandishwa gari alinishika mkono. "Mwanangu, waambie watu maneno yangu hayana kosa. Elieza sikumtaja."

"Baba, kupe mwenye viatu sokoni pale alikuwa mmoja. Hilo nalo siwaambii."

Alifia huko walikompeleka. Yonazi alifungwa kidogo, akarudi, akalima na kumwagilia upande wa kaka. Sasa naye amekufa. Wajukuu zake wananiamkia shikamoo, naitikia marahaba. Wao hawakurusha kitu.

Kaka sikumpata, mzee sikumpata, na maji yalikwenda. Bado kila uchaguzi mjukuu wangu mwalimu ananijia na redio kwapani: "Bibi, kubali tu, maneno ya majukwaani yanaua." Ananichosha. Mzee alikosa, nilimwambia mwenyewe usoni. Lakini soko zima lilimsikia, na soko zima lilirudi nyumbani kupika. Kila mtu anataka nimtajie ulimi ili mkono ukanawe. Basi nampa alichopewa bwana mkubwa:

"Na mimi niliyasikia maneno yale, na sikuokota jiwe. Sisemi."