Mlinzi wa Matone

Kwetu Kasongo, serumu, yaani maji ya dripu, ni chakula cha mgonjwa. Ndugu wakiingia wodini wanatazama chupa kwanza, mgonjwa baadaye. Ikishuka haraka, wanashukuru. Ikidondoka polepole, muuguzi ana choyo. Nimeitwa mchoyo mara nyingi na bado inaniudhi.

Siku ile aliletwa mama kijana kwa pikipiki kutoka upande wa Kabambare. Maambukizi yalikuwa yameenea hadi kwenye damu, presha imeanguka, mikono baridi hata dada yake mkubwa aliposugua. Tulimpa maji, presha haikupanda. Daktari akaagiza adrenalini ndani ya chupa, tone kwa tone. Mashine ya kuipima hatuna. Nina saa yangu ya mkononi na kile kigurudumu cha plastiki kwenye mrija. Niliogopa, nasema wazi. Dawa hiyo ikikatika, presha inaporomoka. Ikizidi, moyo unakwenda mbio hadi ushindwe.

Niligeuka tu kuchukua kipimo cha presha. Dada mtu, mchuuzi wa samaki wa Nyangwe, akafungua kigurudumu. Matone yakawa yanafukuzana, mgonjwa anahema, presha imepanda kupita kiasi.

“Nilimusaidia tu,” akasema. “Ile maji yako iko inaenda polepole sana.”

Nilirudisha kigurudumu, nikangoja presha itulie, ndipo nikafoka. Nilifoka vizuri.

“Hii haiko maji, mama! Iko dawa ya moyo. Ukiifungua, utaua mudogo yako!”

Akaketi sakafuni akalia. Hasira zikaniisha. Nikampa kiti kando ya mrija: asiguse, asiruhusu mtu kugusa, na ngozi ikivimba au kupauka pale sindano ilipoingia, aniite.

Basi nikawa nimejitafutia bosi. Mashemeji waliishia mlangoni. Mama mkwe alinyoosha kidole kuuliza tu, akarudishwa alikotoka. Mimi mwenyewe nikija kuhesabu matone, aliyahesabu nami, midomo ikicheza.

Kesho yake mchana tulikuwa tukipunguza dawa kidogo kidogo, na presha ikishikilia, mgonjwa alipofumbua macho. Akaitazama chupa.

“Yaya,” akamnong’oneza dada yake, “juu ya nini serumu iko inaenda polepole hivi? Fungua kidogo.”

Na mkono wake ukaanza kupanda kuelekea kigurudumu. Dada yake akaupiga kofi. Kisha akaushika, akauweka shavuni, akapaza ile sauti yake ya sokoni kuniita:

“Mama munganga! Kuya! Mukono yake haiko tena baridi, iko moto!”