Dawa Niliyoitangaza Kabla Haijawa Dawa

Binti yangu alikuja likizo ya Krismasi kutoka ng'ambo, ambako anasoma na kufanya kazi kwenye maabara. Alikuwa anamenya viazi nilipomuuliza kazi yake hasa ni nini. Akasema wanatengeneza peptidi. Nikamwambia aseme kwa lugha ya mtu aliyeishia kidato cha nne na akafeli kemia.

Akacheka, akaeleza. Protini za mwilini ni kama mnyororo mrefu, na peptidi ni mnyororo mfupi wa aina hiyo hiyo. Wao hawautoi mwilini, wanauunga wenyewe, kiungo kimoja baada ya kingine. Kikikaa wanaosha, wanaweka kingine, wanaosha tena. Wanatafuta mnyororo utakaotoboa seli ya saratani na kuziacha seli zenye afya.

"Na mmeupata?"

"Ipo inayoua seli za saratani kwenye kisahani cha maabara, baba."

Hapo nilipaswa kuuliza swali la pili. Nilisikia "inayoua saratani". Kisahani nilikiacha kiende na maganda ya viazi.

Kijijini kwetu Daudi jambo jema la nyumba halikai ndani ya nyumba. Siku binti yangu alipokwenda Dongobesh kumsalimia mama yake mdogo, niliita wazee, nikawawekea pombe ya asali. Mmoja wa rika langu akasimama kuomba baraka, sisi wengine tukivuma kuitikia kila anachosema. Akaombea mvua, akaombea ng'ombe na kina mama, kisha akafika kwa binti yangu. Mimi nilikuwa nimewaambia ametengeneza dawa ya kansa. Yule mzee akasema ametuletea. Nikavuma kwa nguvu kuliko wote.

Nimejitetea mara nyingi kwamba neno la baraka halikatizwi, kwamba ukisimama kusema "sivyo" ni kama umelaani. Ni kweli, halikatizwi. Ila ukweli mwingine ni kwamba nililipenda.

Binti yangu alirudi amesimamishwa njiani na watu wawili wanaoomba dawa. Aliweka mkoba chini kabla hata ya kunisalimia.

"Baba, umewaambia watu nini?"

Nikamweleza. Akashika kichwa. Akasema mnyororo ule ukiingia kwenye damu, mwili unaukatakata kabla haujafika popote. Na ule mmoja usiokatika unapasua hata chembe nyekundu za damu. "Hata panya bado hatujampa!"

"Miaka mitatu mnaosha nini? Mama yako alifua nguo za watoto sita bila maabara."

"Ungemsaidia kufua, ungejua kuosha ni kazi."

Mke wangu alicheka jikoni mpaka akakohoa. Binti yangu hakucheka. Aliniambia niende kwa wale wazee, mmoja mmoja, niwaambie dawa hakuna. Nikasema nitakwenda. Aliondoka baada ya wiki moja. Sikwenda.

Ndipo yalipoanza maswali. Kanisani nikiinama kusali, mtu ananigusa bega: bado? Mnadani, bado? Mwenye duka la vitambaa Dongobesh, kijana wa heshima zake, alinipa shikamoo akaongeza, "Mzee wangu, ule mzigo ukifika usinisahau. Friji ya soda ninayo." Wote niliwajibu, "Bado kidogo." Ningeweza kusema hakuna. Ni neno moja tu.

Hasira zangu nilizimalizia kwa mtoto. Nilimpigia simu mpaka mtandao ulipokata.

"Wiki hii kiungo cha kumi na moja kimekataa kukaa, baba. Tumeanza upya."

"Upya kutoka wapi?"

"Kutoka cha kwanza."

"Basi tafuteni watu wanaojua kuunga!" nikamwambia. Yeye ndiye aliyekuwa akifanya kazi, na mimi ndiye niliyekuwa nikidai matokeo.

Kisha, mahindi yakiwa tayari ghalani, akanipigia mtoto mkubwa wa mdogo wangu wa kike aliyeolewa Getanuwas. "Shikamoo mjomba. Mama anauliza dawa inakuja lini. Sasa hata viazi havipiti."

Nikamwuliza kulikoni, akanieleza. Mdogo wangu alikuwa amepimwa, akaambiwa ni saratani ya koo la chakula, akapewa barua ya kwenda hospitali kubwa. Barua akaiweka kabatini. Kaka yake ana dawa, ya nini kuhangaika mjini?

"Barua aliipata lini?"

"Kabla ya kuvuna maharage."

Miezi minne. Kesho yake nilipanda basi mpaka Katesh, nikachukua bodaboda. Nilimkuta uani na kikombe cha uji mwepesi, mashavu yameingia ndani.

"Shikamoo kaka. Mbona mikono mitupu?"

"Marahaba. Dawa hakuna."

"Haijafika?"

"Hakuna. Haijawa dawa, iko kwenye kisahani. Mtoto aliniambia kabla hajaondoka, nikanyamaza."

"Wazee waliomba."

"Waliomba kwa maneno yangu."

Aliweka kikombe chini. Nilitaka alie, nimbembeleze. Hakulia. "Tangu utoto uko hivi," akasema. "Unatuambia ng'ombe amezaa, tunakimbia na kibuyu, tunamkuta ana mimba tu. Miezi minne, kaka! Miezi minne ya uji!" Kisha akamwita mwanawe alete barua.

Hospitali ile kubwa tulifika baada ya siku mbili. Daktari alikuwa mwanamke wa umri wa binti yangu. Aliisoma barua, akaigeuza, akatazama tarehe.

"Mama, mbona mmechelewa hivi?"

"Barabara zetu, daktari," mdogo wangu akasema. "Mvua."

Kiangazi chote mvua haikunyesha. Aliongopa bila kunitazama, akanifunika mimi mbele ya mgeni, na hilo liliniuma kuliko maneno ya uani.

"Si barabara," nikasema. "Ni mimi. Nilisema kuna dawa, wakati haikuwepo. Alikuwa anaingoja."

Daktari hakunigombeza. Aliandika, akampima, akatuita tena mchana wakati majibu ya picha yalipotoka. Akasema upasuaji, ambao miezi minne nyuma ungewezekana, sasa hauwezekani. Imebaki mionzi, na kimrija cha kuwekwa kooni ili chakula kipite. Ataweza kula. Kuhusu kupona hakutaka kuahidi.

"Tunaanza lini?" mdogo wangu akauliza.

"Jumatatu."

Akaitikia kwa kichwa, akajifunga khanga vizuri, ndipo akanigeukia.

"Kaka, ukirudi Daudi, usimwambie mtu nimepona."