Wito wa Kutukanwa

Wapo waliozaliwa na wito wa kutibu wagonjwa, wapo waliozaliwa na wito wa kufundisha. Shemeji yangu, mume wa mdogo wangu, alizaliwa na wito wa kutukanwa. Ni refa wa mechi za mtaani, na mtaa mzima unamwita Kipenga.

Kazi inayomlisha iko kwenye tanuri la mikate. Akitoka huko, uso umebabuka kwa joto, mtu mwenye akili zake angelala. Yeye huchota majivu ya tanuri kwenye ndoo, akaenda uwanjani kuchora mistari, kisha akakimbia kuuzunguka uwanja kinyumenyume, maana refa haupi mpira mgongo. Nyumbani hujifungia chumbani akalionyesha kabati la nguo kadi nyekundu. Kabati halijawahi kubisha, ndiyo maana anapenda kufanya nalo mazoezi.

Na malipo ya jasho lote hilo? Soda moja ya vuguvugu, ikiwa walioshindwa hawajaimwaga.

Mdogo wangu, fundi cherehani, alivumilia. Kila Jumamosi jezi nyeusi ilirudi na jeraha jipya, naye akaitia kiraka. Ila siku Kipenga alipowapa wageni penalti ya dakika ya mwisho, alirudi na jezi ya mkono mmoja. Wa pili alibaki nao mwenye bucha, shabiki mkubwa wa timu yetu.

"Chagua," mdogo wangu akamwambia. "Mimi au hicho kipenga."

"Wewe, mama watoto."

"Basi kilete. Kinakwenda chooni."

Akakivua shingoni, akampa. Nilibaki naye barazani.

"Shemeji, hivi unatafuta nini pale uwanjani?"

"Dada, wale vijana wiki nzima wanaonewa. Kazini wanasukumwa, nyumbani wanafokewa. Mimi nawapa dakika tisini ambazo aliyechezewa vibaya anapata haki yake."

"Na wewe haki yako anakupa nani?"

"Mimi nina soda."

 

Jumamosi iliyofuata alishinda nyumbani kama mume wa kuigwa. Akapanga sufuria kwa ukubwa. Akaamua ugomvi wa kuku. Akaniambia kiti changu kimevuka mstari wa mlango. Nikaanza kumwonea huruma mdogo wangu.

Jua lilikuwa bado kali mwenye bucha alipopiga hodi, kofia mkononi.

"Mama, refa yupo?"

"Refa yupi? Yule mwizi, kipofu, mla rushwa?" nikamuuliza.

"Huyohuyo. Mama, huko kumeharibika. Anachezesha kinyozi, naye anaogopa kupoteza wateja. Sisi tukilalamika, anatupa goli. Wageni wakilalamika, na wao anawapa. Hata kumtukana huwezi, maana ukimtukana anakubali. Vijana wameketi chini, wamegoma."

 Kipenga alikuwa anamtazama mkewe, kama mtoto anayesubiri ruhusa ya kwenda kucheza.

Mdogo wangu alimpima mwenye bucha kutoka kichwani hadi viatuni. "Mkono wa jezi yangu uko wapi?"

"Nimefutia mizani, dada."

Mdogo wangu akaingia ndani, akatoka na jezi iliyopigwa pasi, mkono mmoja mweusi, mwingine wa kitambaa cha pazia chenye maua mekundu. Kipenga kilikuwa mfukoni. Nadhani choo kilikuwa kimejaa.

"Nakuja kutazama," akasema. "Atakayemgusa leo, mkasi ninao."

Watu walipouona ule mkono wa maua, walicheka hadi wakashikana mabega. Shemeji akafuta magoli yote ya kinyozi, mechi ikaanza upya, na kwa mara ya kwanza mashabiki wa pande zote mbili wakaelewana: walimtukana pamoja. Vijana wakainuka wakacheza.

Haikuchukua muda akakataa goli la timu yetu. Mfungaji ameotea, akasema. Mdogo wangu akaruka kutoka kwenye ndoo ya majivu aliyokuwa ameigeuza kiti.

"Refa kipofu wewe!" Alimzidi sauti hata mwenye bucha. "Vaa miwani, baba watoto!"

Kipenga alisikia, sauti ile anaishi nayo. Akanyoosha mkono, ule wa maua, akaonyesha mpira upigwe wapi, kisha akaanza kukimbia kinyumenyume, uso unamng'aa kama mkate uliotoka tanurini sasa hivi.