Dawa ya Mitende Mwilini mwa Kaka

Ilianza Jumatano, saa nne na robo asubuhi, katika hospitali moja ya Nizwa, pale kaka alipoitwa ndani akanishika mkono twende sote. Nilikuwa na miaka kumi na sita. Mimi hata ruhusa ya kwenda chooni naona haya kumwomba mwalimu, na siku ile nilitakiwa nimtafsirie kaka yangu habari za mwili wake.

Kaka kazaliwa Unguja, kaja Oman mtu mzima. Kiarabu chake cha sokoni. Bei ya mbuzi anaijua, maneno ya hospitali hayajui. Mimi nimezaliwa Ibra na kusoma hapa hapa. Ibra kwenyewe hakutaka kupimwa, maana nusu ya watu wanaongoja daktari ni jamaa zetu. Nyumbani tulisema nakwenda kung'olewa jino.

Kaka na wifi walikuwa na miaka sita bila mtoto. Kila mwezi mama alimpeleka wifi kwa bibi mmoja akamkande tumbo, na akirudi ananyweshwa dawa chungu hata macho yanamtoka machozi. Sasa mama alikuwa kachoka kungoja. Kapata msichana mji wa Al Kamil, na Ijumaa anakwenda kumposea kaka mke wa pili. Wifi hakugomba. Alisema mara moja tu, "Siku ya kuposwa mwenzangu, mimi nishaondoka."

Daktari alikuwa Mmisri, mpole. Alisoma karatasi yake, akanitazama mimi badala ya kaka.

"Anasemaje?" kaka akauliza.

"Anasema hamna."

"Hamna nini?"

"Mbegu."

Kaka akacheka kidogo. "Mwambie apime tena."

"Anasema wamepima mara mbili, kaka."

Akaulizwa kazi yake. Kaka akachangamka. Anapuliza dawa ya wadudu kwenye mitende, mashamba ya watu, tangu alipokuja Oman. Bomba analibeba mgongoni. Havai suruali, mtende haupandiki na suruali, anavaa kikoi. Bomba linavuja, basi kikoi kinarowa kiunoni mpaka magotini, na kinamkaukia mwilini. Mdomoni anajifunga kilemba alichokirowesha maji, ili dawa ipoe kabla hajaivuta. Sote nyumbani tulijua hivyo, kuwa kitambaa kibichi kinapoza dawa. Mimi mwenyewe nilikuwa nakirowesha.

Daktari akaweka kalamu chini. Alisema kitambaa kibichi hakipozi kitu, kinaishika dawa usoni. Alisema baadhi ya dawa hizi hupenya kwenye ngozi, zikavuruga homoni, yaani zile amri mwili unazojipelekea, na korodani zikaacha kazi. Nyengine zinaziumiza korodani zenyewe. Wako wanaoacha kazi hiyo na mbegu zikarudi. Lakini damu ya kaka inaonyesha ubongo unaamrisha kwa nguvu zote na hakuna anayeitika. "Siwezi kukuapia kuwa ni dawa," alisema. "Lakini sioni jengine. Wala sitaki kukupa tumaini nisilokuwa nalo."

Korodani kwa Kiarabu nilisomeshwa skuli. Kwa Kiswahili sikulijua neno. Nyumbani kwetu hakuna aliyelisema mbele yangu. Nikasema, "Kule chini, kaka." Akaelewa. Sote wawili tukatazama viatu.

Kaka aliendesha mpaka Bidbid, tukakata njia ya Ibra. Akasimamisha gari, akaninunulia juisi.

"Nikisema, watanicheka?"

"Nani?"

"Wanaume wenzangu."

Nikamwambia sijui.

Baada ya Magharibi alisema. Mama alikuwa anachagua mchele, wifi yuko pembeni yake. Kaka alieleza yote, hata ya kikoi. Mama hakuinua uso.

"Wewe si una ndevu? Sauti si nzito?"

"Mama, daktari kasema..."

"Daktari anakujua kuliko mimi niliyekuzaa? Babako kazaa mpaka uzeeni. Mkeo ndiye aliyekutia maneno."

"Mie sikujua hata kama kenda hospitali, mama," wifi akasema. Kisha akamgeukia kaka, sauti yake ya chini kabisa. "Basi mie nilikuwa nakandwa nini?"

Mama akapepeta mchele. "Ijumaa tunakwenda Al Kamil. Huyo msichana akishaingia humu, tutajua nani mbovu."

Nilimtazama kaka. Neno moja tu lilitakiwa, siendi. Nilikuwa nalo mdomoni, ningelimpa.

"Haya, mama," akasema.

Nikamfikiria yule msichana, sijamwona hata siku moja, na yule bibi akimpaka mafuta tumboni.

Alhamisi asubuhi wifi aliomba apelekwe kwao Sur. Nilimsaidia kukunja nguo zake. Kaka akatia sanduku garini, wakaondoka. Kwetu msafiri akitoka, nyumba haifagiliwi siku ile, asije akapotewa na njia ya kurudi. Mama alinitia ufagio mkononi. Nikafagia chumba chao, kuanzia chini ya kitanda mpaka mlangoni.