Mishipa ya Kamba Mbele ya Mkwe

Nilirudi Unguja katikati ya miaka ya tisini na shahada, hadubini kuukuu, na kiburi kilichovizidi vyote viwili kwa uzito. Nilikuwa nikichunguza namna mishipa ya fahamu inavyojijenga ndani ya yai la kamba. Kila wiki nilikwenda sokoni Mkokotoni kununua kamba majike wenye mayai, na mama wa Kitumbatu aliyeniuzia hakuacha kuniuliza kwa nini sili.

Wakati huo wazee wangu walikwishapeleka posa kwa binti niliyempenda kupita kiasi. Kabla ya kujibu, baba yake, mzee wa Kiarabu wa Mji Mkongwe, mtu wa maneno machache, akataka kuniona mwenyewe.

"Shikamoo, Ami."

"Marahaba. Nnasikia umesoma. Umesomea nini?"

Mwenye akili angejibu "viumbe vya baharini" akanywa kahawa yake. Mimi nikatoa mhadhara. Nikamweleza kuwa kila kiumbe kimerithi jeni, yaani maagizo ya kuujenga mwili, na kwamba zile zinazoamuru ubongo ukae wapi na mishipa ipite wapi ni karibu zilezile kwa nzi, panzi, jongoo na kamba, ingawa wametengana tangu zama na zama. Miguu imebadilika, mabawa yamekuja na kuondoka, maagizo ya mishipa yamehifadhiwa. Mzee alikuwa akikitazama kikombe. Nikaona heri nifupishe.

"Basi, Ami, huu mshipa unanshughulisha mwaka wa nne sasa. Na ni jambo la kurithi."

Kwetu, ukisema mshipa bila ya kuongeza neno, wazee hawafikirii fahamu hata kidogo. Hufikiria ule uvimbe wa kinena unaomfanya mwanamume apende kanzu pana. Mzee akaweka kikombe chini, akasema "La haula," akaniaga.

Siku ya tatu mama yangu alinijia juu.

"We mtoto, umekwenda kuwambia nini watu? Wananiuliza kama ushatibiwa!"

Aliponieleza, nilitamani ardhi inimeze. Miaka yote ya kusoma, na nimejiharibia kwa neno analolijua kila mtoto wa mtaani. Nililia, sioni haya kusema. Niliamini nimeshamkosa yule binti, na hapakuwa na wa kumlaumu ila ulimi wangu.

Wiki ile ile mzee akaniita tena. Nikaenda na picha ya yai la kamba mfukoni, nimejiandaa kusahihisha kila kitu. Alikuwa peke yake. Akafunga mlango, akakaa polepole kwa kujishika.

"Mwanangu, na miye nnao," akasema. "Mwaka wa saba huu. Naona haya, sijamwonesha daktari yeyote. Wewe unatibiwa wapi?"

Mkono wangu ulikuwa umeshaigusa ile picha. Nikautoa mtupu.

"Twende sote, Ami."

Asubuhi ya pili tulikuwa kwenye benchi la hospitali, katikati ya watu, nusu yao wanamjua. Muuguzi akatoka na karatasi, akauliza kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani:

"Mwenye mshipa ni nani?"

Mzee akainamisha kichwa.

"Miye," nikasema, nikasimama. "Huyu mzee kanisindikiza tu. Tutaingia pamoja."